Mlezi Aliyekataa Kutulea Peke Yake

Sisi tuliokulia kandoni mwa Ziwa Nyasa kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtoto, tulikuwa na njia zetu za kujua saa. Kengele ya kanisa ilikuwa saa kumi na mbili. Kelele za akina mama ufukweni, wakigombea dagaa waliotoka majini muda huohuo, zilikuwa saa moja, na kama ulikuwa bado hujatoka nyumbani wakati huo, ulijua mwalimu wa zamu anakusubiri. Tulikwenda shule tumebeba ndoo ya maji au kipande cha kuni, madaftari tumeyachomeka ndani ya shati ili yasiloe. Kucha zilikaguliwa. Nywele zilikaguliwa. Ukipita mbele ya mtu mzima bila kusema Shikamoo, habari hizo zilifika nyumbani kabla yako, na hakuna aliyejua zimepita njia gani.

Tulicheza rede, tulicheza kombolela mpaka tukaitwa kula, tulitengeneza mpira kwa matambara na kamba za migomba. Siku hizi nikimweleza mtoto kuhusu kombolela, ananiuliza, "Ilikuwa na leveli ngapi?" Tulikula ugali wa muhogo mweupe kama chokaa, na mbasa, samaki mtamu wa ziwa letu, akipatikana tulikula kimya, maana anayeongea huku anakula mbasa hupitwa na minofu. Wamatengo walishuka kutoka milimani na maharage na mahindi, wakapanda tena na dagaa wakavu, na nguo zao zilinuka moshi na kahawa. Nilipenda harufu ile. Sikujua kwamba nitakuja kuishi ndani yake.

Lakini mchezo mkubwa kuliko yote kijijini kwetu, upande wa Kihagara, ulikuwa ziwa lenyewe. Wenzangu walipiga mbizi, wakashindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu, wakatoka macho mekundu na meno yakigongana. Mimi nilikaa mchangani nikilinda nguo zao. Nilizaliwa mahali ambapo ukirusha jiwe kutoka mlangoni linatumbukia ziwani, na nilifika kidato cha kwanza nikiwa sijui kuogelea. Nilioga kwa ndoo, nyuma ya nyumba, kama mtu wa nchi kavu. Rafiki yangu Stefano, ambaye baba yake alikuwa na boti ya mbao yenye mashine, alikuwa ananiita Mgeni.

Baba yangu ndiye aliyekataza. Alikuwa na shamba la muhogo kwenye mteremko juu ya kijiji, na kila alipoulizwa mbona havui kama wanaume wengine alijibu, "Udongo hauna mawimbi." Alikuwa mpole, mrefu, mwenye maneno machache. Nilijua sababu, kama mtoto anavyojua mambo ya nyumba yake bila kuambiwa. Nilikuwa na kaka, Osmundi, ambaye ziwa lilimchukua nikiwa bado nabebwa mgongoni. Basi. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Hakukuwa na mtu aliyelitaja jina lake nyumbani. Hata watu wa kijijini, ambao zamani walimwita baba yangu Baba Osmundi, waliacha polepole wakawa wanamwita Baba Aidani, kwa jina langu mimi, kana kwamba mtoto wa kwanza ni mimi.

Mama Mlezi alitukuta hivyo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mmatengo wa upande wa Litumbandyosi, aliyeolewa na kijana wa kwetu. Kwao walikuwa Wakatoliki. Alipoolewa akaja akakaa nasi Waanglikana, akasema Misa ni Misa, ila sisi tunaimba taratibu mno. Ziwa alikuwa analiogopa waziwazi. Siku ya kwanza kupanda mtumbwi alitapika mpaka watu wakamwonea huruma. Padri alipomwomba awe mlezi wa vijana wa kanisa, sisi tuliokuwa darasa la kipaimara na wale waliokwisha kuimarishwa, alikubali kwa sharti moja ambalo halikueleweka vizuri mpaka Jumapili iliyofuata.

Jumapili hiyo, baada ya Misa, aliwazuia wazazi wasitoke. Akasimama mbele yao, mdogo wa umbo, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shambani.

"Shikamooni wazazi wangu."

"Marahaba."

"Mmenikabidhi watoto wenu kama mtu anavyopeleka mahindi mashineni. Mnataka mimi nisage, nyinyi mje jioni mchukue unga. Wazazi wangu, mimi sina mashine hiyo. Mtoto akija kwangu Jumamosi, mzazi wake naye aje Jumapili. Asiyeweza kuja, aniambie nimfuate nyumbani."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa Kimatengo. Haukuwa utani. Kila mwezi, Jumapili moja, wazazi walikaa kwenye mabenchi yaleyale tuliyokalia sisi, naye akawaeleza tulichojifunza, akawauliza wao wanaonaje, akawasikiliza wakibishana. Akina mama walikuja mapema. Akina baba walikaa nyuma karibu na mlango, kofia magotini, tayari kutoroka. Baba yangu alikaa nyuma kuliko wote.

Na sisi vijana tulikuwa na shida yetu naye. Tulimpenda, tukamwamini, na mtu unayempenda unataka kumwambia mambo. Lakini ukimpelekea Mama Mlezi siri yako, alikusikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, halafu anakuuliza, "Hili umemwambia mama yako?"

"Hapana."

"Baba je?"

"Ataniua."

"Hatakuua. Twende, nitakaa pembeni yako."

Na kweli mlikwenda. Hakusema neno hata moja kwa niaba yako. Alikaa, akamenya muhogo pamoja na mama yako, na wewe ukatokwa jasho mpaka ukasema mwenyewe. Msichana mmoja wa kwaya aliyetaka kuacha shule alipelekwa hivyo. Alirudi amevimba macho kwa kulia, lakini aliendelea na shule. Tulimlalamikia Mama Mlezi kwamba walezi wa vijiji vingine hutunza siri. Akasema, "Mimi naweza kuhamishwa kesho kwenda shule nyingine. Mama yako hahamishwi."

Kisha akaanza kuwapa wazazi kazi za nyumbani. Hapo ndipo kijiji kilipopata cha kuzungumza. Kazi ya kwanza ilikuwa hii: kila mzazi amwulize mtoto wake swali moja ambalo yeye mzazi hajui jibu lake, kisha asikilize bila kukatiza. Walipokutana tena, Baba Stefano, mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa, alisimama kwa fahari.

"Mimi nilimwuliza wangu kama amekula."

"Baba," Mama Mlezi akasema kwa heshima, "hilo si swali. Hiyo ni salamu."

Mwingine alikuwa amemwuliza mwanawe kama mbuzi wamefungwa. Mwingine alisema alitafuta swali wiki nzima akakosa, maana anamjua mwanawe ndani na nje. Na mwanawe, aliyekuwa amekaa benchi la mbele, aliangalia sakafu akitabasamu tabasamu ambalo sisi wenzake tulilielewa. Wakaambiwa warudie.

Baba yangu alirudia, au tuseme alianza. Tulikuwa shambani tukitengeneza matuta, mimi na yeye, jua limeanza kuchoma migongo. Alilima mstari mzima kabla hajasema kitu.

"Aidani."

"Naam, baba."

"Yule mwalimu wenu amesema nikuulize kitu nisichokijua."

"Ndiyo, baba."

Akapiga jembe mara kadhaa. "Wewe unapenda nini?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Kulikuwa na majibu mazuri ya kumpa mzazi: kusoma, kanisa, kusaidia nyumbani. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, nami nikajibu kweli.

"Napenda ziwa, baba. Nataka kujua kuogelea. Na vijana watakwenda Lituhi kwa boti kwenye mkutano wa vijana wa makanisa ya pwani hii. Nataka kwenda nao."

Alisimama. Aliangalia kule chini, ambako ziwa lilikuwa limetanda bluu mpaka milima ya ng'ambo, kisha akaliacha jembe limesimama ndani ya tuta akashuka kwenda nyumbani. Sikuwahi kumwona akiliacha jembe shambani.

Siku zilizofuata hakuzungumza. Hakuwa amekasirika; hasira ningeielewa. Alikuwa kama mtu aliye chumba cha pili. Mama alinitazama kwa jicho linalouliza nimefanya nini, nami sikuweza kumweleza, kwa sababu kumweleza kungelazimu kulitaja lile ambalo halitajwi. Nikaenda kwa Mama Mlezi nikiwa na hasira za kijana wa kidato cha pili, ambazo ni nyingi.

"Umeniharibia nyumba," nikamwambia.

Alichukua mtandio wake. "Twende."

Alimkuta baba ameketi barazani. Akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wanawake wa kwao, akasema Shikamoo, akaitikiwa. Mama akamletea kigoda. Kwa muda mrefu walizungumza habari za mvua na bei ya kahawa huko kwao. Mimi nilisimama karibu na nguzo nikitamani ardhi inimeze.

"Baba," hatimaye akasema, "nilikupa kazi bila kujua uzito wake. Naomba unisamehe kwa hilo."

"Unajua kilichotokea?" baba akauliza.

"Sijui. Nimesikia tu kwamba ziwa lilimchukua mwanao; mimi ni mgeni huku."

"Basi usiulize."

"Siulizi, baba. Mimi hayanihusu. Lakini marehemu alikuwa kaka yake huyu."

Mama, aliyekuwa anapepeta dagaa uani, aliacha kupepeta. Nilisikia ungo umenyamaza.

"Hatakwenda Lituhi," baba akasema.

"Sawa, baba. Kijana ambaye baba yake amekataa, mimi simpeleki popote." Akainuka, akamshukuru mama kwa kigoda, akaondoka. Alikuwa ameniacha pale pale nilipokuwa, na nilimchukia njia nzima aliyopita mpaka akapotea nyuma ya kanisa.

Wenzangu walikuwa na ufumbuzi mwepesi. Stefano alisema nijifiche kwenye boti chini ya turubai, tukifika Lituhi hakuna wa kunirudisha. Habari zikamfikia Mama Mlezi, kama zilivyofika habari zote. Alimwita Stefano mbele yetu. Hakupaza sauti.

"Tukimwiba Aidani kwa baba yake leo," akasema, "kesho tutamrudisha kwa nani?"

Ni swali ambalo nimekuja kulielewa miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu mwenyewe.

Mkutano wa wazazi uliofuata ulihusu safari hiyo. Baba alikuwa mahali pake karibu na mlango. Padri akaeleza, Mama Mlezi akaeleza, wakauliza kama kuna mwenye neno, na baba yangu, ambaye sikumbuki kumsikia akisema kitu kanisani zaidi ya Amina, akasimama.

"Hiyo boti," akasema, "itabeba watu wangapi?"

Baba Stefano akamjibu.

"Ni wengi. Punguza. Kamba unayo? Asiyejua kuogelea atakaa wapi? Mwera ukivuma mtafanyaje?"

Mwera ni upepo wa kusini, na pwani yetu yote inajua kilio chake. Nilidhani Baba Stefano atachukia, kwa kuwa alikuwa mwenye boti na mtu wa sifa. Lakini alikuwa ameitoa kofia yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye ndiye aliyesaidia kumtafuta kaka yangu.

"Baba Osmundi," akasema taratibu, "njoo uikague mwenyewe. Ukisema iende, itakwenda. Ukisema ibaki, itabaki."

Jina lile lilisikika kanisa zima. Mama aliweka mkono mdomoni. Baba akasema, "Nitakuja."

Alikuja. Alisimama mchangani, mbali na maji, akaikagua boti kwa macho na kwa maswali. Akaagiza ubao mmoja ubadilishwe. Akaagiza, na hili ndilo lililonishangaza, kwamba vijana wote wasiojua kuogelea wafundishwe kwanza kuelea. "Huyu wangu pia," akasema, akimtazama Baba Stefano na si mimi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuogelea nikiwa na ndevu zinaota, nimeshikwa tumbo na Baba Stefano kwenye maji ya kiunoni kama mtoto anayebatizwa, huku watoto wadogo wakinicheka. Baba alikaa juu ya jiwe, mgongo nusu umegeukia ziwa. Hakutazama moja kwa moja. Lakini kila nilipozama kidogo nilimwona ameinuka.

Mama Mlezi naye alijifunza pamoja nasi, akiwa amevaa nguo zake zote, akipiga kelele zilizosikika mpaka shuleni. Alisema mlezi hawezi kuwapeleka watoto mahali anapopaogopa bila kuonja woga huo mwenyewe.

Siku ya safari tulikusanyika ufukweni asubuhi, jua bado halijavuka milima. Wazazi walileta vifurushi, mihogo ya kuchemsha, mashuka. Ilikuwa imekubaliwa kwamba wazazi wachache watasafiri nasi, na baba alikuwa mmoja wao. Alikuja amevaa shati lake jeupe la Pasaka, kifurushi begani. Mama alimsindikiza. Vijana walipanda wakiimba. Mimi nilisubiri nipande naye.

Alivua viatu. Akakunja suruali. Akaingiza mguu mmoja majini, akasimama. Vilikuwa viwimbi vidogo tu, vya kulamba vifundo vya miguu. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu anayenyanyua gunia, kisha akautoa mguu ule akarudi nyuma mbele ya watu wote.

"Siwezi," akasema.

Nyimbo zilikatika. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia mwanaume mzima wa kijiji chetu akisema neno hilo mbele ya watoto. Nilitarajia mtu acheke. Hakucheka mtu, hata Stefano.

Nikashika mkono wake. "Basi na mimi nitabaki, baba."

"Hapana," akasema. Aliniangalia usoni, na ndiyo mara ya kwanza kuniangalia hivyo tangu siku ile ya shambani. "Wewe panda. Mimi nitakuja kwa miguu."

Lituhi kwa miguu ni mwendo wa mchana kutwa, kupanda vilima na kushuka, kuvuka vijito, kukanyaga mchanga unaokuvuta kisigino. Baba Stefano alitaka kusema kitu, Mama Mlezi akamgusa bega. Baba alikwisha kuanza kutembea, viatu mkononi. Na mama yangu, ambaye hakuwa amejiandaa kwa safari yoyote, aliyeacha dagaa wameanikwa na moto haujazimwa, akamwomba jirani aangalie nyumba, akajifunga kitenge vizuri akamfuata.

Tuliondoka. Baba Stefano hakwenda katikati ya ziwa. Alifuata ukingo, maana njiani tulikuwa tunachukua vijana wa makanisa mengine, na kila kituo kulikuwa na kuagana kusikoisha. Kwa hiyo tuliwaona. Mara ya kwanza walikuwa kwenye mchanga mweupe, yeye mbele, mama nyuma hatua nyingi, kama kawaida ya wazee wetu. Kisha wakapotea nyuma ya miamba. Tulipochelewa kijiji kilichofuata wakatokea tena, juu ya kilima, shati jeupe na kitenge cha njano, na safari hii walikuwa sambamba. Vijana wote wakawapungia. Baba akapunga. Mimi sikuweza kupunga kwa sababu nilikuwa nalia, na Stefano, aliyekaa kando yangu, akajifanya anaangalia upande wa ng'ambo.

Tulifika Lituhi mchana. Tulipokewa kwa ngoma na ugali, na nakumbuka wasichana wa kule walivyokuwa wakiniangalia nami nisiwe na akili ya kuwaangalia. Nilikaa kwenye ngazi ya kanisa nikitazama njia. Jua lilipokaribia kuigusa milima ya ng'ambo, walitokea. Vumbi mpaka magotini, mama ameshika ndala mkononi. Sijui walizungumza nini njia nzima ile, na sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba waliondoka kwetu kimya, na walipofika Lituhi walikuwa wanazungumza.

Nililetewa beseni la maji na Mama Mlezi, nikampelekea baba. Akaingiza miguu, akafumba macho. Kisha, bila mtu kumwuliza, akaanza.

"Alikuwa na umri kama wako. Tulikwenda kuvua pamoja, mimi na yeye. Mwera ukatukuta. Mtumbwi ulipopinduka mimi nilishika mtumbwi, yeye akashika mkono wangu. Aidani, miaka yote hii najiuliza kama mkono ule uliteleza, au niliuachia. Sijui. Ningejua ningekwambia."

Nilikuwa na umri wa kutaka kusema jambo kubwa, na sikulipata. Nilisema tulilofundishwa kusema kwa kila mtu, aliyejikwaa hata aliyefiwa.

"Pole, baba."

"Asante, mwanangu," akasema.

Katika nyumba yetu pole ile ilikuwa imechelewa miaka yangu yote. Mama, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa ngazi, akasema Osmundi alikuwa anaimba vibaya mno, hata Padri wa wakati ule alimwomba awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Baba akacheka. Akasema, "Kama huyu." Na kicheko kile sikuwa nimewahi kukisikia, sauti yake ilikuwa ya mtu kijana.

Kurudi, boti ilijaa wenzangu wakiimba, nami nikatembea na wazazi wangu. Njia nzima walinipa kaka yangu kidogo kidogo: alivyopenda ukoko wa ugali, alivyomwogopa jogoo, alivyonibeba mimi nikiwa mchanga akataka kunionyesha ziwa. Mmoja alisimulia, mwingine akasahihisha. Nilipofika nyumbani miguu ilikuwa imevimba.

Baba hakupanda boti mpaka kufa kwake. Lakini hakukosa tena mkutano wa wazazi, na alihamia benchi la katikati. Mama Mlezi alihamishwa kweli, kama alivyotuambia, akapelekwa shule ya mbali, na kijiji kilimlilia. Wazazi waliendelea kukutana hata baada yake, maana walikwisha kuzoea kuulizana habari za watoto.

Leo naishi Mbinga mjini, natengeneza mashine za kukoboa kahawa. Nina binti wa kidato cha tatu, na kanisa letu lina mlezi wa vijana, kijana msomi, mwenye moyo mzuri. Ametuwekea wazazi kundi kwenye simu. Anaandika ujumbe mrefu kila Jumatatu kuhusu malezi, nasi tunajibu kwa picha ya mikono iliyofumbatana, mmoja baada ya mwingine, tukiwa sokoni, tukiwa kazini, tukiwa hatujasoma. Watoto wakienda mkutano tunawapandisha basi na kuwapigia: umefika? Nimefika. Sawa. Wanafika salama kuliko sisi tulivyofika, hilo siwezi kukataa. Magari ni mazuri, barabara ni ya lami. Vijana wenyewe wanajua mambo mengi kutuzidi. Wangu ananifundisha kila siku jinsi ya kushika simu, na anapumua kwa nguvu kama mtu anayemfundisha mzee wa miaka mia.

Jumapili iliyopita yule mlezi aliita wazazi ana kwa ana. Tulikuja wachache, akina mama watatu na mimi. Kijana wa watu aliangalia mabenchi matupu, akaona haya, akataka kuahirisha. Nikamwambia, "Anza, mwanangu. Hata sisi ni wazazi." Akaanza kwa kigugumizi, kisha akachangamka, na tulikaa mpaka mlinzi wa kanisa alipokuja kufunga milango.

Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa barazani, amejaza masikio yote mawili vile vidude vya kusikilizia muziki, kichwa kinatikisika. Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye. Sikusema kitu, sikuwa na hotuba. Milima ilikuwa imeanza kufunikwa na ukungu, na jirani alikuwa anaanua kahawa yake. Tulikaa hivyo. Baada ya muda akaniangalia kwa pembeni, akaona siondoki, akatoa kidude kimoja sikioni.

Kimoja tu. Kingine alikiacha. Nikashukuru, nikaanza na sikio hilo moja.